Kibarua cha korosho: ulizia glavu kabla ya bei

Kuanzia Oktoba, kazi inayotafutwa zaidi Masasi na Newala haitangazwi gazetini. Hupatikana kwa kuulizana: nani anataka waokotaji, ghala lipi linachukua wapagazi, nani analipa kwa debe na nani kwa siku. Mwenye shamba anahitaji watu wengi kwa wiki chache tu. Kijana akiona bodaboda inampa hela kila jioni, shambani haendi, na anayebaki mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni.

Mapatano yenyewe huishia kwenye bei. Mikono haizungumzwi, ingawa ndiyo inayolipia.

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, na aliyewahi kuwashwa na utomvu wa embe anajua kidogo tu ya habari hiyo. Anayebangua kienyeji huchoma korosho kwenye karai, moshi ukimuingia machoni na kifuani, kisha hupasua moja moja kwa mkono. Vidole huwa vyeusi na ngozi huchubuka. Jioni vidole hivyo hivyo vinasonga ugali na kumshika mtoto anyonye. Mafuta hayo yakimgusa mtoto usoni, ngozi yake ni laini kuliko ya mama.

Kunawa kwa sabuni kunatosha kuzuia mengi, lakini Newala iko juu tambarare, maji yako bondeni, na ndoo huwa na bei. Ndiyo maana mwajiri akiulizwa kuhusu maji ya kunawa, mama asionekane anadeka. Nguo za kubangulia zivuliwe kabla ya kumpakata mtoto.

Kabla ya mavuno kuna kibarua kingine, cha kupulizia salfa kuzuia ubwiriunga. Vumbi lake huwasha macho na koo, na kanga iliyofungwa puani hailizuii vya kutosha. Mjamzito, mwenye pumu na mtoto wasiwe karibu na mashine, hata kama malipo ya siku hiyo yanavutia.

Wengi hudhani haki za kazini ni za wenye ofisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Aliye chini ya miaka 14 haajiriwi, hata msimu ukikolea na shule ikiwa jirani na shamba. Kwa kibarua wa wiki mbili likizo ni ndoto, hilo halifichiki. Kumnyonyesha mtoto chini ya mkorosho hakuhitaji mkataba wa kurasa kumi.

Mwajiri naye ana hesabu zake. Analalamika kwamba watu humkimbia katikati ya msimu, naye huanza upya kutafuta. Glavu, kivuli na pipa la maji ni nafuu kuliko korosho zinazoozea chini ya miti kwa kukosa mwokotaji.

Kazi ya mwaka mzima ingekuwa kiwandani. Miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vya kubangua, Masasi na Newala vikiwemo, lakini vingi vilisimama. Sehemu kubwa ya korosho bado inauzwa ghafi, ikaenda India na Vietnam, na kazi ya kubangua inakwenda nayo. Wanaoajiriwa katika viwanda vinavyofanya kazi waulize kama mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao hugharimia matibabu na fidia kwa aliyeumia kazini.

Ukishababuka, osha kwa sabuni na maji mengi, usipasue malengelenge, nenda zahanati. Mafuta yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha fika hospitali siku hiyo hiyo: Mkomaindo kwa walio Masasi, hospitali ya wilaya kwa walio Newala. Mweleze daktari kwamba ni mafuta ya ganda la korosho.