Fedha za Umma si Hisani ya Mtu

Wananchi wa Meru na Embu twaijua vyema desturi ya zamani. Enzi za chama kimoja, barabara au mradi wa maji ulikuwa zawadi ya utiifu: aliyepiga makofi alipewa, aliyehoji alinyimwa. Tangu 1983 kamati za maendeleo za wilaya, zilizopanga miradi hiyo, ziliongozwa na Mkuu wa Wilaya, mtumishi wa Rais wala si wa wapiga kura. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulirudishiwa vyama vingi. Kanuni za kuilinda hazina zilichelewa.

Leo kanuni hizo zipo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 201, inataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Cha 227 kinataka zabuni za haki na ushindani. Kanuni za uwekezaji wa umma za 2022 zinadai mradi uchunguzwe kabla ya kutengewa fedha. Ila sheria hukumbukwa maji yakishamwagika.

Embu ni shahidi. Mwaka 2014 ukarabati wa uwanja wa michezo wa Embu ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyolifanya Bunge la Kaunti limwondoe Gavana Martin Wambora, kwa madai kwamba sheria za ununuzi zilikiukwa. Seneti iliafiki, naye akawa gavana wa kwanza nchini kupatwa na hayo. Kesi zilifuata mahakamani, akabaki ofisini, akachaguliwa tena 2017. Miaka ilipita watu wakibishania kiti, ilhali swali la mlipa kodi lilikuwa jepesi: zabuni ilitolewa na nani, kwa bei gani, na nani aliikagua kazi kabla ya malipo?

Swali hilo na liulizwe mapema. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba mkataba kwa maandishi. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Nasi twadai haya: kila mradi uwekewe bango lenye jina la mkandarasi, gharama na tarehe ya kukamilika, hesabu zisomwe barazani, na malipo yasitolewe kabla kazi haijakaguliwa mbele ya wananchi watakaoitumia.

Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo ni letu, tulidai lifunguliwe.