Papa mkavu ughaibuni: usimtupie mwenzio aya ya vitunguu



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na swahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, wiki hii dada mmoja aliyeko Toronto, Kanada, ameniandikia ujumbe mrefu. Ameniruhusu niueleze bila ya kumtaja. Ni mtu wa Pwani, ana miaka mitatu ughaibuni, na sasa ni mjamzito. Ametamani papa mkavu. Si samaki mwingine yeyote, papa mkavu yule wa kuloweka kwanza, ukamwaga maji ya chumvi, kisha ukampika kwa nazi na ndimu. Amezunguka maduka wiki mbili. Siku moja akapanda mabasi mawili kwenda duka aliloelekezwa, akampata, akarudi nyumbani akapika.

Mumewe aliporudi kazini alikutana na harufu tangu kwenye lifti. Akakasirika. Akamwambia mkewe: "Allah amekuleta nchi yenye kila aina ya chakula, na wewe unalilia papa. Huna tofauti na Bani Israil waliolilia vitunguu."

Dada anasema hakula tena siku ile. Akaniuliza: "Sheikh, je, mimi ni katika wasioshukuru?"

Nilimjibu kwa ufupi: hapana. Lakini jibu refu nimeona niliandike hapa, kwa sababu mmekuwa wengi mlio mbali na kwenu, na jambo hili dogo la chakula linagusa mambo makubwa ya dini.

KWANZA: ile aya haimhusu

Kisa alichokikusudia mume kimo katika Suratul Baqara, aya ya 61. Bani Israil walipokuwa jangwani walikuwa wakipewa mana na salwa bila ya kulima wala kuchuma. Wakamwendea Nabii Musa (A.S) wakamwambia wamechoka na chakula cha namna moja, awaombee kwa Mola wake mboga, matango, thomu, adesi na vitunguu. Musa akawakemea kwa kutaka kubadilisha kilicho bora kwa kilicho duni.

Sasa tazama vizuri. Kosa lao halikuwa kutamani kitunguu. Kitunguu ni halali, na adesi ni halali. Kosa lilikuwa kuidharau neema iliyokuwa mbele yao na kumwambia Mtume wa Allah kwamba hawawezi tena kuivumilia. Je, dada huyu amesema hivyo? Anakula mkate wa Kanada, anasema alhamdulillah, anaswali, anamhudumia mumewe, na siku moja ametamani samaki wa kwao. Huwezi kuichukua aya iliyoshuka juu ya kiburi ukamtupia mtu mwenye hamu.

Anayefanana naye zaidi ni Bilal (R.A). Waislamu walipohamia Madina, Abubakar na Bilal walishikwa na homa kali. Mama Aisha (R.A) anasimulia, na hadithi iko kwa Bukhari, kwamba Bilal homa inapompungua alikuwa akipaza sauti kuikumbuka Makka. Na hakukumbuka majumba. Alitaja majani yanayoota kwenye mabonde yake, maji ya mahali paitwapo Majanna, na milima miwili. Huyu ni Bilal, aliyelazwa juu ya mchanga wa moto wa mji huo huo na kuwekewa jiwe kifuani! Mji ulimtesa, bado anakumbuka majani yake.

Je, Mtume (S.A.W) alipoambiwa, alimwita Bilal mtu asiyeshukuru? Hapana. Aliomba dua. Alimwomba Allah awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, aitie afya, na aibariki pishi yake na kibaba chake. Zingatia hapo. Swaa na mudd ni vipimo vya nafaka, ndivyo pishi na kibaba vyetu. Watu wana huzuni ya kukumbuka kwao, na Mtume anaombea baraka kwenye vipimo vya chakula cha mji mpya! Alijua kwamba mgeni hutulia pale anapopata chakula akala akaridhika.

Kwa hiyo wewe mume, ukimwona mkeo amekumbuka kwao, sunna ni kumwombea dua. Na kama unaweza, panda wewe hayo mabasi mawili.

PILI: hamu hii ni ya wanadamu wote

Miaka ya nyuma nilikwenda Leicester, Uingereza, kwa masomo. Ramadhani ya kwanza nilitamani muhogo wa futari. Nikaingia duka la mboga la mzee mmoja wa Kihindi, nikawa natafuta maneno ya Kiingereza ya kumweleza. Yeye akanitazama, akasema: "Mogo? Iko. Kwenu wapi?"

Nilishtuka. Mzee yule alizaliwa Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, maelfu yao waliishia Uingereza, na wengi walikwenda Leicester. Walitoka na masanduku machache. Lakini mpaka leo, Leicester na London, utakuta mihogo ya kukaanga kwa pilipili katika mikahawa yao, na jina lake kwenye karatasi ya vyakula ni "mogo". Ni muhogo wetu huo. Watoto wao wamezaliwa huko, Kiswahili wengi wao hawakijui, na muhogo bado wanautafuta.

Mzee yule si Muislamu, wala hakuwa akinijua. Kila Ijumaa alikuwa akiniwekea pembeni mihogo isiyokuwa na nyuzi. Mimi nikajifunza kwake kwamba anayekumbuka chakula cha kwao anakumbuka watu. Ukimcheka kwa chakula chake, umemcheka mama yake aliyempikia.

TATU: usidharau chakula cha mwenzio

Hapa na sisi watu wa Pwani tuna kosa letu. Ndugu yetu wa Bukoba akiletewa senene ughaibuni, sisi ndio wa kwanza kuziba pua na kucheka: "Mnakula panzi!" Kumbe papa wetu amewahamisha majirani ghorofa nzima.

Swahaba Abdullah bin Abi Awfa (R.A) amesimulia kwamba walikwenda vitani pamoja na Mtume (S.A.W) wakawa wanakula nzige. Basi taratibu na kicheko chako.

Na kipo kisa kizuri kuliko vyote katika mlango huu. Khalid bin Walid (R.A) aliingia pamoja na Mtume (S.A.W) nyumbani kwa Mama Maymuna, aliyekuwa mama yake mdogo Khalid. Ikaletwa nyama ya kuchoma ya dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, iliyotoka kwa jamaa zake upande wa Najd. Mtume akanyoosha mkono. Alipoambiwa ni nyama gani, akaurudisha. Khalid akauliza kama ni haramu. Mtume akasema si haramu, ila mnyama huyo hayuko katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Khalid akaivuta ile nyama kwake akala, na Mtume anamtazama.

Hebu ikae moyoni picha hiyo. Mbora wa viumbe anakataa chakula kwa sababu ya mazoea ya kwao tu, na anayekipenda anakila mbele yake bila ya kuaibishwa. Hakukunja uso, hakusema "mnakulaje vitu hivi." Na Abu Hurayra (R.A) ametueleza kuwa Mtume hakuwa akikitia ila chakula kabisa: akikitamani anakula, asipokitaka anakiacha.

NNE: usikipate kwa uongo

Mpaka hapa nimewatetea wenye hamu. Sasa niwaambie linalonikera, na nitaanza na nafsi yangu.

Mwaka wangu wa pili kule nilikuja likizo nyumbani. Nikirudi, mama yangu, Allah amrehemu, akanipa mtungi mdogo wa samli aliyoipika mwenyewe. Nikauzungushia kanzu tatu, nikautia katikati ya sanduku. Uingereza hairuhusu msafiri anayetoka nchi zetu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, na samli ni maziwa. Nilikuwa nalijua hilo. Uwanjani afisa akaniuliza kwa upole: "Una chakula chochote cha nyama au maziwa?" Nikajibu: "Sina." Akanitakia siku njema.

Hakuna aliyenikamata. Usiku ule nilikula mkate kwa samli ya mama. Siku ya pili nikampigia simu. Akauliza: "Samli ilifika?" Nikasema ilifika. "Hawakukuuliza?" Nikamweleza, huku nacheka. Yeye hakucheka. Akasema: "Samli nilikupa mimi. Uongo alikupa nani?"

Wallahi sikuwa na jibu. Kijana wa darsa, msuwaki mfukoni, nimeuza ukweli kwa mtungi wa samli.

Ndugu yangu, unapoingia nchi ya watu kwa visa umeingia kwa ahadi. Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba yao. Hakuna aya iliyosema mkataba na asiyekuwa Muislamu haufungi. Na watu hawa wana sababu zao. Mwaka 2001 Uingereza iliingiliwa na ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo, na wanyama zaidi ya milioni sita wakauawa ili kuuzuia. Wewe unaona ni kipande cha nyama kavu, mfugaji anaona riziki yake yote.

Na mara nyingi uongo wenyewe hauna haja. Nchi za Umoja wa Ulaya zinazuia nyama na maziwa, lakini samaki kwa matumizi yako mwenyewe unaruhusiwa kuingia naye mpaka kilo 20. Dagaa wako na papa wako wamo humo. Marekani wanataka useme kila chakula ulichobeba. Ukisema na ikawa hakiruhusiwi, wanakichukua basi. Ukificha, unatozwa faini. Masharti hubadilika, basi yatazame kabla ya safari. Aliyesema kweli hasara yake kubwa ni kupoteza samaki.

Na usibebe kifurushi cha mtu usichokifungua mwenyewe, hata ukiambiwa "ni dagaa tu wa mwanangu." Wako waliofungwa kwa sababu ya kuona haya kufungua. Mwenye dagaa kweli hatachukia ukimwambia, "Shangazi, nifungulie nione."

TANO: usijidhuru wala usimdhuru jirani

Dada zangu wajawazito, wapo wanaotafuta ughaibuni ule udongo wa kula. Udongo huo jihadhari nao. Mamlaka za afya za Uingereza zimewahi kuwaonya wajawazito kwa sababu udongo wa namna hiyo umekutwa na madini ya risasi, nayo humdhuru mtoto tumboni. Dini yetu haina kujidhuru wala kudhuru wengine. Mwambie daktari wako, usione haya.

Na harufu nayo ina haki yake. Mtume (S.A.W) alimkataza aliyekula thomu mbichi asiukaribie msikiti mpaka harufu imtoke, akaeleza kuwa malaika huudhika na yanayowaudhi wanadamu. Basi ukipika papa ghorofani, funga mlango, fungua dirisha, usianike kwenye veranda ya pamoja. Na Mtume alimuusia Abu Dharr (R.A) akipika mchuzi aongeze maji, awaangalie majirani zake. Mgongee jirani, mwambie, "Leo napika chakula cha kwetu, kina harufu, karibu uonje." Atakataa? Sawa. Lakini atajua ile ni harufu ya chakula, na kwamba aliyepo nyuma ya mlango ule ni mtu anayemjali.

Ndugu zetu mlioko Maskati, nyinyi mmerahisishiwa. Papa mkavu yuko sokoni kwa jina la awal, na mandazi yanapikwa majumbani. Mkimpata mgeni aliyetoka Afrika Mashariki juzi, hana ndugu, analala chumba kimoja na wenzake, mwiteni Ijumaa moja ale. Huenda sahani ile ikawa nzito katika mizani yenu kuliko hotuba zangu zote.

Nimalizie kwa dada yetu wa Toronto. Amenijibu juzi. Amesema mumewe ameusoma ujumbe niliompelekea, akanyamaza. Jioni akauliza: "Yule papa alibaki?" Alikuwa amebaki, kwenye friza. Wakampasha moto, wakala wote wawili. Mume akala zaidi.

Ewe Mola wetu, wapendezeshee ndugu zetu miji waliyomo, wape afya ndani yake, baraka katika vipimo vyao na ukweli katika ndimi zao. Warudishe salama kwa mama zao walio hai, na uwarehemu mama zetu waliotangulia. Aamin.

Ukiona kuna faida, mpelekee mmoja aliye mbali na kwao. Na leo mpigie mama simu. Usimwagize kitu, muulize yeye amekula nini.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.