Bustani ya Nyumbani: Ardhi Nayo Yataka Sitara



Msimu wa kaskazi ndio mtihani wa kila bustani ya mwambao wetu. Kuanzia Disemba hadi Machi jua huwa kali, mvua huadimika, na maji ya kumwagilia tungule na mchicha hushindana na maji ya kupikia, ya kufulia na ya kutawadhia. Wengi wetu hununua maji kwa mtungi. Wengine hutegemea visima ambavyo maji yake yana chumvi. Kwa hivyo juma hili tumeonelea tuzungumzie kitu ambacho takriban kila nyumba inacho au inaweza kukipata bila gharama: nyasi na majani makavu.

Tumelelewa kuamini kwamba ua uliofagiwa ukang'ara ndio heshima ya nyumba. Hilo ni jema, kwani tohara ina daraja kubwa katika dini yetu. Lakini tuta la mboga si baraza. Tuta likifagiwa na kuachwa wazi hupigwa na jua na upepo, na sehemu kubwa ya maji hupaa kabla mizizi haijafaidika nayo. Kwa anayetumia maji ya kisima hasara ni mbili: maji hupaa, chumvi haipai. Hubakia juu ya udongo siku baada ya siku hadi ukaonekana utando mweupe, na majani ya mboga yakaanza kuungua nchani.

Dawa yake ni kuifunika ardhi. Wataalamu wa kilimo huuita mfuniko huo matandazo. Walio karibu na mashamba ya mpunga, kama ndugu zetu wa Tana Delta, wana mabua yanayobaki baada ya kupura. Mjini yapo majani ya mwembe na mwarobaini, nyasi zilizofyekwa, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Matandazo hayaiondoi chumvi iliyokwishaingia. Hiyo huoshwa na mvua za masika. Lakini huzuia maji yasipae upesi, na hivyo huichelewesha chumvi isijikusanye juu.

Namna ya kutandaza ni nyepesi. Kwanza ng'oa magugu, kisha mwagilia tuta mpaka maji yazame. Ndipo utandaze nyasi kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka kila shina, kwani shina likigusana na majani yenye unyevu huoza. Ikiwa umepanda mbegu, usizifunike. Ngoja miche ichomoze na kupata nguvu. Baada ya hapo, kabla ya kumwagilia tena, fukua kidogo kwa kidole: udongo ukiwa na unyevu, weka ndoo chini.

Kuna tahadhari nazo. Usitumie nyasi zilizokwisha kutoa mbegu, la sivyo utakuwa umepanda magugu kwa mkono wako. Usichukue mabua ya shamba lililopigwa dawa ya kuua magugu. Usiyafukie yakiwa mabichi au makavu kwenye udongo wa mboga, maana yanapooza humo huivuta nitrojeni na mboga zikageuka manjano; yaache juu yaoze taratibu. Yaweke mbali na jiko, na mbali na kuta na milango, kwa sababu ya mchwa. Na watoto wafundishwe kutoyapekua kwa mikono mitupu, kwani nge na tandu hupenda kujificha penye giza na baridi.

Faida nyingine itaonekana jikoni. Mvua ikinyesha juu ya matandazo, matope hayarukii majani, kwa hivyo mchicha huchumwa ukiwa safi na huhitaji maji machache kuoshwa.

Lipo pia la jirani. Majani tunayoyafagia asubuhi na kuyachoma jioni hutoa moshi unaoingia madirishani mwa watu, ukamkuta mzee mwenye pumu au mtoto mchanga. Kumuudhi jirani si jambo dogo katika Uislamu. Fungu lile lile la majani, likitandazwa badala ya kuchomwa, humwondolea jirani udhia na mwenye nyumba gharama ya maji.

Aya ya 31 ya Sura Al-A'raf inatukataza israfu hata katika kula na kunywa. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi akina mama na dada zetu, kabla ya kuwasha kibiriti jioni ya leo, tazameni kwanza kama matuta yenu yamesitirika.

Wabillahi tawfiq.