Kitu Kimoja, Jina Moja

Wapo wanaodhani kwamba kuafikiana kuhusu istilahi ni mchezo wa wanaisimu waliokosa kazi. Hao hawana budi kuwatazama mafundi wa kompyuta.

Siku hizi kompyuta moja kubwa aghalabu hubeba seva pepe kadhaa, kila moja ikijiendesha kana kwamba ina mtambo wake. Mwenyeji huyo anapohitaji matengenezo, seva huhamishiwa mwenyeji mwingine huku ikiendelea kuwahudumia watu. Yaliyomo katika kumbukumbu hunakiliwa seva ikiwa kazini. Yanayobadilika hunakiliwa tena na tena, hadi yabakie machache. Hapo seva husimamishwa kitambo, masalio yakahamishwa, nayo ikaendelea kwa mwenyeji mpya na kuutangazia mtandao kwamba anwani yake ya zamani sasa inapatikana huko. Mnamo 2005, watafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Copenhagen walieleza jinsi walivyoihamisha seva ya mchezo wa kompyuta, wachezaji wakiendelea kucheza. Huduma ilisita kwa milisekunde 60 tu.

Hata hivyo, ufanisi huo hauji pasi na maafikiano ya awali. Katika mfumo wa Hyper-V wa Microsoft, seva pepe huunganishwa na mtandao kupitia swichi pepe, nayo swichi hutambuliwa kwa jina. Fundi akiipa jina moja kwa mwenyeji wa kwanza na jingine kwa wa pili, uhamisho hukwama mpaka aingilie kati, japo nyaya ni zile zile. Tena wenyeji wote wawili sharti waufikie mtandao mmoja, la sivyo seva itafika salama lakini wateja wake wasiipate.

Sasa tujiulize, walimu wenzangu. Mwanafunzi anayefundishwa "tarakilishi" katika darasa hili, "ngamizi" katika lile, na kusikia "kompyuta" nyumbani, maarifa yake yatahamaje? Ni kweli kwamba binadamu si mtambo, naye hujua kukisia. Lakini mtihani hausahihishwi kwa kukisia, wala fundi hafunzwi kwa kubahatisha.

Mabishano kuhusu neno lipi ni fasaha zaidi hayana ukomo. Jina moja lililokubaliwa na wote, hata likiwa la mkopo, lina manufaa kuliko matatu yanayopigana. Walimu na wachapishaji na waafikiane kabla vitabu havijaandikwa, kama fundi apatanishavyo majina kabla ya kuihamisha seva.