MZAHA ULIOUZWA MARA TATU

Kuna hoja ambayo hutolewa kila mtu anapothubutu kuihoji bidhaa ya burudani, nayo ni hii: "Ni mzaha tu." Maneno haya matatu yamewafumba midomo wazazi wengi na kuwafungulia wafanyabiashara milango isiyo na idadi. Tunataka leo kuipima hoja hiyo kwa mfano mmoja ulio wazi, yaani albamu ya nyimbo za filamu ya pili ya Austin Powers, yule jasusi wa kuchekesha, iliyotoka Marekani mwaka 1999. Jina kamili la filamu hatulichapi. Limebeba neno la Kiingereza cha mitaani ambalo wakaguzi wa Singapuri walilikataa mwaka huohuo, likawekwa neno jingine mahali pake, kisha baadaye wakaliachia lirudi. Huko Marekani kwenyewe filamu ilipewa daraja la PG-13, maana yake wazazi wanatahadharishwa lakini mtoto hazuiwi mlangoni.

Hatuzungumzii hapa hukumu ya muziki kwa jumla. Hilo lina mahali pake. Tunauliza swali la sokoni: mnunuzi aliahidiwa nini, na alipewa nini?

Anunuaye diski yenye jina na picha ya filamu hudhani ananunua muziki wa filamu hiyo. Muziki uliotungwa mahsusi kwa ajili ya Austin Powers, ule unaomsindikiza jasusi anapokimbizwa na adui anapopanga hila, ni kazi ya George S. Clinton. Lakini kilichotangulizwa mbele ya mnunuzi mwaka 1999 ni mkusanyiko wa nyimbo za waimbaji mashuhuri: Madonna, Lenny Kravitz, R.E.M., Green Day, The Who na wenzao. Nyingi kati ya hizo ni nyimbo za zamani zilizovishwa nguo mpya, R.E.M., kwa mfano, waliurudia wimbo wa Tommy James wa mwaka 1971. Kabla mwaka haujaisha ikatolewa diski ya pili iliyoahidi muziki zaidi wa filamu ileile. Na aliyeitaka kazi ya Clinton mwenyewe ilimpasa asubiri diski nyingine tena, mwaka 2000. Filamu moja, safari tatu za dukani! Hata ile sauti ya tarumbeta ambayo dunia nzima imeizoea kuwa ni ya Austin Powers haikutungwa kwa ajili yake. Ni "Soul Bossa Nova" ya Quincy Jones, ya mwaka 1962.

Ama kuhusu wimbo wa Madonna, "Beautiful Stranger", alioutunga pamoja na William Orbit, hapo ndipo hila inapoonekana bila pazia. Redio za Marekani ziliupiga hadi ukafika nafasi ya 19 katika orodha ya Billboard kwa nguvu ya redio peke yake, kwa sababu dukani haukuwepo. Uingereza uliuzwa peke yake, ukafika nafasi ya 2. Mmarekani aliyeupenda hakuachiwa ila njia moja, nayo ni kuinunua albamu nzima. Na albamu hiyo ilitolewa na nani? Na Maverick, kampuni ambayo Madonna mwenyewe alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Katika video ya wimbo huo anaonekana Mike Myers akiwa amevaa sura ya Austin Powers. Basi video ni tangazo la filamu, filamu ni tangazo la albamu, na wimbo umefungwa kama mateka ndani ya albamu mpaka mnunuzi alipe fidia kamili.

Tutaambiwa kwamba kampuni nyingi za Marekani zilifanya hivyo katika miaka ile. Ni kweli, zilifanya. Tangu lini wingi wa watendao ukawa ushahidi wa uhalali wa tendo?

Tuje sasa kwenye mzaha wenyewe. Mwaka 1970 kundi la The Guess Who kutoka Kanada lilitoa "American Woman", wimbo wa kukataa, ambao wengi waliusikia kuwa unaikataa Marekani ya vita vya Vietnam. Kravitz akauimba upya kwa ajili ya filamu hii ya vichekesho. Ukapata tuzo ya Grammy, na ukapachikwa pia katika toleo jipya la albamu yake mwenyewe, ili uuzwe tena. Makali yake yakawa pambo.

Na ule wa "Just the Two of Us"? Huu ulianza mwaka 1980, Bill Withers akiimba katika albamu ya Grover Washington Jr., wimbo wa mapenzi wenye utulivu. Will Smith akaugeuza kuwa maneno ya baba kwa mwanawe. Kisha akaja Dr. Evil, adui wa Austin Powers, akamwimbia Mini-Me, nakala yake ndogo, hali ya kuwa anaye mwana wa damu, Scott, ambaye hamtaki. Tuseme kwa insafu: ndani ya filamu kejeli hii ina maana, kwani inamfichua baba anayempenda yule tu anayefanana naye. Huenda ni jambo pekee la maana katika filamu yote. Lakini weka wimbo huo kwenye diski. Scott hayupo, na uso wa mwana aliyekataliwa haupo. Imebaki dhihaka juu ya wimbo wa baba na mwana, na kijana asiyemjua Withers atadhani huo ndio wimbo wenyewe. Mzaha unaohitaji picha ili ueleweke umeuzwa bila picha.

Hatudai diski zichomwe. Tunadai jalada liseme wazi, kwa herufi zinazosomeka, ni wimbo upi unasikika katika filamu na upi haumo, nani aliutunga kwanza na mwaka gani, na kama muziki wa mtunzi wa filamu umo au unangojea diski nyingine. Na wimbo unaopigwa redioni uuzwe peke yake kwa anayeutaka peke yake.