KONA YA GARI: Oili ya pikapu tuimwage baada ya safari ngapi?

Mwezi uliopita tuliongea juu ya tairi, na baada ya hapo tukapata maswali mengi yanayofanana: oili ya injini inabadilishwa baada ya muda gani? (Ile kazi tuliyozoea kuiita vidanje kule nyumbani, huku mafundi wanasema kumwaga oili.) Mmoja anasema kilomita 3,000, mwingine 5,000, na baba mmoja wa mtaa wa juu anasema yeye anangoja mpaka iwe nyeusi. Tutajibu. Lakini tuanze na yetu, maana hili somo tulililipia ada.

Wengi mnakumbuka pikapu yetu ya familia saba, ile Hilux ya dizeli ya zamani. Kazi yake ilikuwa kutoa nyanya, kabichi na matoke Bwera na kupeleka Kasese, na mara mbili kwa wiki kuingia Mweya, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, kupelekea chakula watu wanaofanya kazi kule. Siku moja tulichelewa Bwera kwa sababu ya mvua. Tulipoiacha lami na kushika barabara ya vumbi ya Mweya, jua lilikuwa tayari linashuka upande wa Congo. Injini ikaanza kugonga, ko ko ko, kama mtu anayepigilia msumari. Dereva akasema, “Mama, hilo ni jiwe tu limenasa.” Hatukufika mbali. Ikagonga mara moja kwa nguvu, ikakata, na haikuzunguka tena.

Mle ndani hushuki ovyo. Jioni viboko wanatoka kwenye maji ya Kazinga kuja kula majani, na simba haulizi kama una kadi ya mkimbizi. Tulikaa watu wanne kwenye kabini, vioo juu, kabichi nyuma zinapata joto, mpaka gari la hifadhi likatukuta na kutuvuta.

Kesho yake, Kasese, fundi akafungua nati ya kumwagia oili chini ya sumpu. Hakikutoka kitu. Akachokoza na waya, ndipo kikaanza kushuka kitu kizito, cheusi, kinanuka kuungua. Fundi akamwangalia dereva wetu akasema, “Kaka, hii si oili tena. Hii ni bugali.” Biringi zilikuwa zimeliwa, krenki imekwaruzwa. Injini imenoki.

Pikapu ilikaa juu ya mawe miezi minne. Familia tatu kati ya saba zilikosa karo ya muhula ule, na binti mmoja hakurudi shuleni hadi leo. Tunaandika hili kwa ruhusa ya mama yake.

Nani alikosea? Tulipokaa kikao, mama mweka hazina alisema: “Mimi nilijua imebadilishwa, kila wiki kaka dereva ananiomba pesa ya oili.” Na dereva hakudanganya. Alikuwa ananunua kweli, nusu lita, lita moja, anaongeza juu. Kuongeza si kubadilisha. Ni kama kuongeza maji safi kwenye beseni ambalo mmeshaogea watoto watano. Kijiti cha kupimia kilionyesha imejaa kila asubuhi, na sisi tukalala usingizi.

Sasa tuelewe oili inachoka vipi. Ndani ya injini vyuma havigusani. Katikati yao kuna utando mwembamba wa oili. Oili hiyo hiyo inabeba joto, inabeba masizi ya dizeli, na ina dawa ndani yake za kuosha na za kuzuia asidi. Dawa hizo zinaisha polepole. Zikiisha, masizi yanaanza kushikana na kuwa tope, na tope linaziba njia nyembamba zinazopeleka oili kwenye biringi. Filta inashika uchafu, lakini nayo ikijaa ina kimlango kidogo kinachojifungua ili injini isikose oili kabisa. Hapo oili chafu inapita bila kuchujwa. Ndiyo maana kubadilisha oili na kuacha filta ya zamani ni kuokoa pesa kidogo ili upoteze nyingi.

Rangi isikudanganye, baba wa mtaa wa juu. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi ndani ya siku chache, kwa sababu inafanya kazi yake ya kuosha masizi. Kwa hiyo anayengoja weusi ama atabadilisha kila wiki, ama atazoea weusi asibadilishe kabisa. Wa pili ndio wengi.

Haya, namba. Tulivyokuwa tunauliza tuligundua watu wawili wanaweza kubishana juu ya 3,000 na kila mmoja akawa ameisikia mahali pengine. Ile 3,000 maarufu ya Wamarekani ni ya maili, yaani karibu kilomita 4,800. Ya mafundi wetu ni ya kilomita. Pia angalia dashibodi: gari iliyotengenezwa kwa soko la Uingereza inahesabu maili, na ukiisoma kama kilomita unapitiliza zaidi ya nusu ya muda wako.

Halafu kuna ndugu zetu waliokwenda Marekani na Canada, wanatupigia simu wanasema kule wanabadilisha baada ya kilomita 10,000 au zaidi. Hawadanganyi. Injini zao ni mpya, oili yao ni ile ya kutengenezwa maabara, ya bei kubwa, barabara ni lami mpaka mlangoni, na gari imebeba watu wawili na mfuko wa mkate. Usichukue kilomita za shemeji ukaziweka kwenye pikapu inayopanda milima ya Bwera na matoke mpaka juu ya kabini.

Tuseme pia haki ya upande wa pili. Kuna wazee wa gereji wanaosema kilomita 2,000 tu, basi. Sheria yao ilitoka kwenye dizeli ya zamani iliyokuwa na salfa nyingi, na salfa ikiungua inazaa asidi inayoila oili. Toka Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Kwa dizeli ya kituo kinachoeleweka, 2,000 ni mapema mno. Ila ukinunua kwa jerikani kando ya njia, hujui unanunua nini, na hapo mzee ana haki yake.

Sisi tumekubaliana hivi. Pikapu ya zamani ya dizeli, oili ya kawaida ya 15W-40 iliyoandikwa ni ya dizeli, mizigo mizito na vumbi: kilomita 3,000. Ikiwa unakaa zaidi kwenye lami, mzigo wa kiasi, oili nzuri: unaweza kufika 5,000, usivuke. Na hata kama gari imesimama, miezi sita ikifika, mwaga.

“Lakini kilomita tunazihesabu vipi, mita ya gari ilikufa zamani?” Hilo ndilo swali lenyewe, na kwenye pikapu yetu ilikuwa hivyo hivyo. Jibu: hesabu safari. Kasese mpaka Mpondwe na kurudi ni kama kilomita 120. Safari 25 ni 3,000. Mweya kwenda na kurudi ni pungufu kidogo, lakini vumbi lake linalipa hiyo tofauti, hivyo tunaihesabu safari nzima. Na siku ambayo gari ilinguruma saa nyingi mpakani bila kuzima, ikisubiri mzigo, nayo tunaihesabu safari, kwa sababu injini imefanya kazi ingawa tairi hazikuzunguka. Wenye mashine za kusaga unga mnalijua hili, ninyi mnahesabu masaa.

Kwenye kumwaga kwenyewe hatutasema mengi, fundi yupo. Injini iwe na joto kidogo ili uchafu utoke pamoja na oili, gari iwe imesimama sawa, filta mpya ipakwe oili kwenye mpira wake na ikazwe kwa mkono. Usijaze kupita alama ya juu ya kijiti. Oili ikizidi krenki inaipiga povu, na povu halilindi chuma. Lakini simama pale uangalie. Angalia kopo likifunguliwa mbele yako, kifuniko kikatwe muhuri wake, maana kuna wanaochuja oili ya zamani na kuirudisha kwenye kopo zuri. Kopo likishakuwa tupu, litoboe.

Ile chafu usiimwage kwenye mtaro, na kule Mweya na Katwe kabisa usithubutu, kila kitu kinateremka ziwani. Ibebe na jerikani, irudishe gereji. Tunajua wengine wanapaka miti ya nyumba kwa ajili ya mchwa. Wengine tumewaona wanapaka mbuzi vidonda. Hilo acheni, na nyinyi wenyewe nawa mikono kwa sabuni, ile oili ikizoea ngozi inaleta magonjwa mabaya.

Na taa. Ile taa nyekundu yenye picha ya birika kwenye dashibodi ni taa ya presha ya oili. Ikiwaka mnatembea, zima injini pale pale, usiseme nitafika Kikorongo kwanza. Ya kwetu haikuwaka ile jioni, na tulimlaumu sana dereva mpaka fundi alipotuonyesha kwamba balbu yake ilikuwa imeungua, hatujui tangu lini. Kuijaribu ni rahisi: fungua ufunguo kabla ya kuwasha injini. Taa lazima iwake, halafu izime injini ikishika. Kama haiwaki kabisa, usifurahi.

Pikapu imerudi barabarani tangu baada ya Pasaka, na injini ya mtumba. Dereva ni yule yule. Kikao kiligawanyika, lakini tulimbakiza. Kwenye kabini tumefunga daftari na kamba. Kila jioni anachora mstari mmoja, na mama mweka hazina anaweka sahihi. Jana ilikuwa mistari 19. Oili na filta ya safari ya 25 zimeshanunuliwa, ziko chini ya kitanda cha mama mweka hazina, na risiti yake imebandikwa kwenye daftari.

Mwezi ujao tutaongea juu ya filta ya hewa na vumbi. Wenye maswali waachieni karatasi pale pale tunapogawia jarida.