Kuongeza Oili Kila Wiki Si Matengenezo

Ndugu mkulima na mfanyabiashara wa kijijini, msimu wa kusomba mazao ukifika, pikapu na Canter zetu za zamani ndizo zinazobeba kila kitu: mahindi, mbolea, mkaa, hata mgonjwa wa usiku. Nyingi zinavuja oili, na wenye nazo wamekwishazoea. Dumu linakaa nyuma ya kiti, na kila wiki wanamimina kidogo. Maoni yangu ni kwamba hayo si matengenezo. Na kufungua injini kabla hujajua oili inatokea wapi ni hasara kubwa zaidi.

Piga hesabu. Nusu lita kwa wiki ni lita 26 kwa mwaka. Pikapu nyingi hubadilishiwa oili kwa lita 5 hadi 7, kwa hiyo unamwaga barabarani oili ya kubadilisha mara 4 au 5. Hapo bado hatari. Oili ikidondokea egzosi yenye moto inaweza kuwaka. Ikiingia kwenye klachi, gari linashindwa kupanda mlima na mzigo. Ikishuka sana bila wewe kujua, injini inanoki.

Shambani tunasema usipulize dawa kabla hujamjua mdudu. Kwenye injini ni vilevile. Oili hutiririka kwenda chini, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Panapodondoka si lazima pawe ndipo inapotokea. Tafuta sehemu yenye oili iliyo juu zaidi na mbele zaidi.

Fanya hivi:

1. Hakikisha ni oili ya injini. Hiyo huwa nyeusi au ya kahawia. Ikiwa nyekundu, tazama usukani au giaboksi ya otomatiki. Oili ya giaboksi ya kawaida na difu ina harufu kali.

2. Osha injini ikiwa baridi. Funika alteneta, nyaya na mdomo wa kuvutia hewa. Tumia maji ya sabuni na brashi, usitumie petroli. Acha ikauke kabisa.

3. Nyunyiza poda ya mtoto sehemu unazozishuku, endesha dakika 15, kisha egesha pasipo na mteremko na utandike boksi chini. Zima injini, chukua tochi, kagua kuanzia juu. Poda italowa pale oili inapoanzia.

4. Anza na vya bei ndogo: kifuniko cha kumiminia oili, gasketi ya tapeti kava, swichi ya presha ya oili, washa ya nati ya kumwagia oili, na filta. Wakati mwingine mpira wa filta ya zamani hubaki umeng'ang'ania, na mpya ikafungwa juu yake. Usikaze nati kwa hasira, utakata meno yake.

5. Kagua mpira wa kupumulia injini. Ukiziba, presha hujaa ndani na kusukuma oili kupitia kwenye sili. Ukibadilisha sili bila kuzibua mpira huo, utarudi gereji. Kama mpira uko wazi na bado injini inapumua kwa nguvu, huenda ringi zimechoka, na hiyo ni kazi nyingine.

Sasa, fundi akikuambia tatizo ni sili ya nyuma ya krenki, usikubali haraka. Kazi hiyo inahitaji kushusha giaboksi, na gharama yake kubwa ni ya ufundi kuliko sili yenyewe. Oili ya tapeti kava inaweza kutiririka nyuma ya injini na kudondokea palepale. Mwambie fundi kwa heshima: "Tuoshe kwanza, tuone." Fundi mzuri hatakasirika. Na akitaka kupaka silikoni kila mahali, mkatalie. Inayobaki ndani humeguka na inaweza kuziba chujio la oili kwenye sampu.

Wapo watakaosema gari la zamani lazima livuje. Kuna ukweli kidogo. Injini ikitoa jasho tu na kipimo cha oili hakishuki, endelea na kazi ukiiangalia. Lakini kama boksi linalowa kila asubuhi, shughulikia sasa, kabla ya mavuno, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Weka daftari dogo garini, uandike kiasi cha oili unachoongeza na tarehe. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, simama na uzime injini hapohapo, hata kama soko limebaki kilomita 2. Na oili chafu usiimwage karibu na kisima wala shambani; ikusanye kwenye dumu na umpelekee fundi mwenye mahali pa kuihifadhi.